Uzoefu wangu na WebSDR ya Twente: kanda za pembeni zinavyoonekana kwa macho

WebSDR ya Chuo Kikuu cha Twente, mjini Enschede, Uholanzi, ni redio halisi inayosikilizwa kupitia kivinjari. Hailipishwi. Kila msikilizaji huchagua masafa yake bila kumwingilia mwenzake, kuanzia karibu na sifuri hadi megahezi 29.16. Ilianza 2008, na kwangu hakuna chombo kilichonifundisha modulesheni, yaani jinsi sauti inavyopakiwa kwenye wimbi la redio, vizuri kuliko hiki.

Sababu ni ule mchoro wa masafa unaotiririka kwenye skrini. Tafuta kituo chochote cha utangazaji cha AM (modulesheni ya ukubwa wa wimbi), kisha ukuze mchoro. Katikati utaona mstari mwembamba unaong'aa: hilo ni wimbi mbebaji, wimbi la msingi la kituo. Kila upande wake kuna bawa, na mabawa hayo mawili hulingana kabisa, moja likiwa limegeuzwa. Hizo ni kanda za pembeni, masafa yanayozaliwa sauti inapopakiwa kwenye mbebaji. Sasa msubiri mtangazaji avute pumzi. Mabawa yanatoweka, mstari unabaki palepale na mwanga uleule. Akianza tena, sauti ya "s" hutawanyika hadi ukingoni, "m" hujikusanya karibu na mstari. Maneno yote yamo pembeni. Mbebaji hana hata silabi moja.

Na hapo ndipo hesabu inapouma. Mlio mmoja ukimodulisha mbebaji kwa asilimia 100, theluthi mbili za nguvu za mtambo huenda kwa mbebaji, na kila ukanda hupata sehemu moja ya sita, huku kanda zote mbili zikisema jambo lilelile. Mhandisi Mmarekani John Carson aliomba hataza ya kutuma ukanda mmoja tu mwaka 1915, nayo ikatolewa 1923. Matunda yake utayaona ukienda kwenye megahezi 7.1, kwa maredio ya ridhaa, watu wanaorusha mawimbi kwa kujifurahisha: bawa moja, bila mstari. Ukisikiliza kwa AM utapata mkoromo usioshikika. Bonyeza LSB (ukanda wa chini), redio itengeneze mbebaji wake yenyewe, kisha sogeza masafa taratibu. Ukikosea hezi 100 tu, msemaji anakuwa na sauti nzito au nyembamba isiyo ya binadamu; ukifika penyewe, anazungumza kama mtu. Kwenye megahezi 14.2 unabonyeza USB (ukanda wa juu), maana kwa desturi yao ukanda wa chini hutumika chini ya megahezi 10 na wa juu hutumika juu ya hapo.

Ninachokipenda zaidi ni kwamba kingo za kichujio, yaani mipaka ya masafa yanayoruhusiwa kusikika, unazivuta kwa mkono. Kituo jirani kikiwa umbali wa kilohezi 5 na kuleta mluzi upande mmoja, ninachagua USB au LSB, nasikiliza bawa safi peke yake, na kituo cha AM kinasikika vizuri tu. Kuna pia AMsync. Katika masafa mafupi mbebaji huweza kufifia huku kanda zikibaki na nguvu; kwa AM ya kawaida sauti hukwaruza, na kwenye mchoro unauona mstari ukififia wakati huohuo. AMsync huweka mbebaji mwingine anayemfuata yule wa asili, na sauti hutulia. Si kila mara, lakini tofauti ni kubwa.

Kumbuka tu kwamba unasikia kinachofika Enschede, si kinachofika ulipo.

Ukishazoea, nenda kilohezi 77.5 kwa CW, hali inayokufanya umsikie mbebaji kama mlio. Ni DCF77, kituo cha saa cha Mainflingen, Ujerumani, na hapo mbebaji mwenyewe ndiye anayebeba habari. Mwanzoni mwa sekunde nguvu yake hupunguzwa, kwa sekunde 0.1 kumaanisha sifuri au 0.2 kumaanisha moja. Kwa kawaida sekunde ya 59 haiguswi, na hivyo ndivyo saa zinavyojua kwamba dakika mpya inaingia.