Launcher III kwenye Palm m105: vichupo vyangu vitatu

Mtoto kalala mgongoni kwa mama yake, nami nataka umri wake kwa miezi. Kadi ya kliniki imelowa mvua, wino umetawanyika. Namgeukia bibi yake: "Bibi, huyu mjukuu alizaliwa Daraja la Mkapa limeshafunguliwa au bado?" Bibi anawaza kidogo. "Siku za daraja alikuwa anatambaa, mwanangu."

Jibu safi kabisa. Sasa inabidi nitoke kwenye dodoso, niingie Memo Pad, daftari la maandishi la Palm yangu, nilikohifadhi kalenda ya matukio (kifo cha Mwalimu, Oktoba 1999, daraja, 2003, na kadhalika), nipige hesabu, nirudi kwenye dodoso. Kwenye Palm kama ilivyotoka kiwandani, safari hiyo ilinila miguso saba. Nilihesabu. Na katika kila mguso bibi ananitazama kama mtu aliyeanza kuchezea simu katikati ya mazungumzo.

Hii ilikuwa mwaka 2004, Newala na Tandahimba, nikiwa mdodosaji kwenye utafiti wa kaya. Nasimulia leo kwa sababu mwezi uliopita nimeitoa Palm ile ile juu ya kabati, nikaipachika tena Launcher III, kiprogramu kilichoniokoa wakati ule, na bado nina maoni juu yake.

Kwa ambao hamkuiona: Palm m105 ni kompyuta ya kiganjani ya mwaka 2001. Kumbukumbu megabaiti 8, prosesa ya megahezi 16, skrini isiyo na rangi ya nukta 160 kwa 160, betri mbili za AAA. Ina kifuniko chenye kidirisha. Kikiwa kimefungwa, ukibonyeza kitufe cha kupandisha, saa inajitokeza pale kidirishani. Sijaona simu iliyonifurahisha kwa kitu kidogo kama kile. Unaandika kwa kijiti, kwa herufi zao walizoziita Graffiti, ambapo A ni paa la nyumba lisilo na boriti. Siku mbili unalaani, siku ya tatu mkono umezoea.

Inasimuliwa kwamba Jeff Hawkins, aliyebuni Pilot ya kwanza ya mwaka 1996, alitembea na kipande cha mbao mfukoni, akikitoa na kujifanya anakitumia, ili ajue kifaa kinapaswa kuwa na ukubwa gani na kufanya nini. Naamini, maana kifaa kinaonyesha kilifikiriwa. Ila kilifikiriwa kwa ajili ya mtu mwenye miadi. Vitufe vinne vya chini: kalenda, anwani, orodha ya mambo ya kufanya, na daftari la kuchora. Mimi kule Tandahimba miadi yangu ilikuwa na mwenyekiti wa kitongoji tu, na yule huhitaji kumwandika popote, unamkuta chini ya mwembe.

Vitufe havikunisumbua sana. Mfumo wenyewe unakuruhusu kuvibadilisha: unaingia Prefs, yaani mipangilio, sehemu ya vitufe, unachagua kila kimoja kifungue nini. Cha kwanza nikakipa dodoso, cha pili Memo Pad. Mpaka hapo hakuna programu ya nje. Wengi wa wenzangu hawakujua hata hilo, na kama unasoma haya ukiwa na Palm kwenye droo yako, anzia hapo kabla ya kupakua chochote.

Tatizo lilikuwa ukurasa wa programu. Palm inazipanga kwa alfabeti ndani ya makundi, na kundi linachaguliwa kwenye kimenyu cha pembeni juu kulia, chembamba kama uzi. Nilikuwa na programu thelathini na ushei: za mradi, zangu, na michezo miwili ambayo siitaji. Hazikutosha skrini moja, hivyo ni kushuka, kutafuta, kugusa. Jua la saa nane, skrini ya kijivu, na skrini ya m105 ni ndogo kuliko ya Palm nyingi za wakati ule. Ukikosea unafungua kikokotoo badala ya saa.

Launcher III inauondoa ukurasa ule na kuweka wa kwake. Kila kundi linakuwa kichupo kinachoonekana muda wote, kama vile kwenye daftari la duka ambalo mwenye duka kalikatia pembe: wadaiwa huku, mzigo huku. Unagusa kichupo, ikoni za kundi hilo zinajitokeza. Ukitaka kuhamisha programu, unaiburuta kwa kijiti na kuidondosha juu ya kichupo kingine. Saa na hali ya betri vipo hapo hapo machoni. Ni ya bure, na ni ndogo kiasi kwamba kwenye megabaiti zangu 8 sikuisikia.

Nikaweka vichupo vitatu. Cha kwanza nilikiita "Mahojiano", kikala nusu ya upana wa skrini, nikakipunguza kuwa "Hoji". Ndani yake vitu vinne tu: dodoso, Memo Pad, kikokotoo, saa. Cha pili "Jioni", yaani kila nilichokihitaji nikishafika nyumba ya wageni: HotSync ya kumwagia data kwenye kompyuta ya mradi, na Prefs. Cha tatu "Mimi". Humo ndimo ilipokaa michezo.

Miguso ya kwenda kwenye kalenda ya matukio na kurudi ikashuka hadi miwili, kwa kuchanganya vitufe na kichupo. Palm haiendeshi programu mbili kwa pamoja, ukiingia hii ile inajifunga, lakini programu zilizoandikwa vizuri zinakumbuka ulipoishia. Kwa hiyo narudi swali lile lile, mtoto yule yule, bibi bado ana uso wangu mbele yake. Na kutoificha nafsi yangu nyuma ya kifaa kulinipa kitu ambacho mafunzo ya siku kumi hayakunipa: watu waliacha kuniuliza "unaandika nini humo?"

Kuigawa ilikuwa raha yake. Palm zina jicho la infraredi, na programu ya bure kama hii unaweza kuirusha kutoka kifaa kimoja kwenda kingine. Tulikaa watatu chini ya mkorosho, tumeelekezeana Palm pua kwa pua kama majogoo wanaotaka kupigana, kimya, tunaogopa hata kupumua mrusho usije ukakatika. Mama mmoja aliyepita na ndoo akatuuliza kama tumerogana.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo najilaumu mwenyewe.

Baada ya Launcher III nikanogewa. Wakati ule kulikuwa na HackMaster, programu ambayo yenyewe haifanyi kitu cha kuonekana. Kazi yake ni kuviongoza viprogramu vidogo vilivyoitwa "hack" kwa Kiingereza, sisi tukaviita "haki", vinavyojipachika ndani ya mfumo. Mfumo ukitaka kuandika herufi skrini, haki inadaka ombi njiani na kuligeuza. Kwa njia hiyo ungeweza kubadilisha maandishi, sauti, kijiti kinavyofanya, karibu kila kitu. Nikaweka nne. Moja ilikuwa ya kukuza herufi. Jina lake silitaji, aliyeiandika aliitoa kwa nia njema na huenda ilifanya kazi vizuri kwenye Palm nyingine.

Asubuhi moja, kaya ya sita ya siku, data ya kaya tano bado haijamwagwa popote, skrini ikaniletea kile kisanduku cha maneno ya kutisha, "Fatal Exception", na kitufe kimoja: Reset. Nikagusa. Palm ikajiwasha upya, HackMaster ikaniuliza kwa adabu kama nataka haki zangu zirudishwe kama zilivyokuwa. Nikasema ndiyo. Kisanduku kikarudi. Safari iliyofuata haikunipa hata nafasi ya kuulizwa. Sijui niligusa nini, ikawa inazunguka tu: inawaka, inaanguka, inawaka.

Hapa lazima mjue jinsi Palm hizi zinavyohifadhi vitu. Kila ulichoweka kipo kwenye RAM, yaani kumbukumbu ya muda, na RAM inaishi kwa betri. Betri zikiisha au zikitolewa kwa muda, vyote vinafutika. Kuna namna tatu za kuiwasha upya. Unachoma tundu dogo la nyuma: inawaka kawaida. Unachoma huku umebonyeza kitufe cha kupandisha: inawaka bila kuziamsha haki. Unachoma huku umebonyeza kitufe cha umeme: inakuuliza kama ufute kila kitu, na jibu la "ndiyo, futa" ni kile kile kitufe cha kupandisha. Yaani kitufe kinachokuokoa kwenye njia ya pili ndicho kinachokuzika kwenye njia ya tatu. Nilikuwa nayajua haya kwa kuyasoma, si kwa kuyatenda, na vidole vyangu vilikuwa vinatetemeka.

Pini sikuwa nayo. Mjukuu mkubwa wa ile kaya akaenda nyuma ya nyumba, akaniletea mwiba wa mlimau. Nikabonyeza kitufe cha kupandisha kwa dole gumba la kushoto, nikachoma. Ikawaka. Nikafungua dodoso, nikahesabu: kaya tano, zote zipo. Nikaomba maji.

Jioni nikamwambia msimamizi wetu mwenyewe, kabla hajaambiwa na wengine. Alikuwa dada mmoja mtulivu, hapandishi sauti. Akaichukua Palm, akapitia, akakuta HackMaster. "Hii toa, kaka. Leo leo, mbele yangu." Akaendelea kupitia, akafika kwenye vichupo. Akagusa Hoji, akagusa Jioni, akarudi Hoji. Mimi nimeinamisha kichwa nasubiri. "Na hii?" Nikamweleza kwamba hii si haki, ni programu ya kawaida inayokaa mahali pa ukurasa wa mwanzo, haiingii ndani ya mfumo, siku ikigoma unaifuta na ule wa kiwandani bado upo chini yake. Akaniuliza inarushwaje. Kichupo cha "Mimi" kwa bahati hakukifungua.

Hiyo tofauti ndiyo ningependa mtu anayetaka kubadilisha sura ya kifaa chochote aielewe kabla hajaanza. Launcher inakaa juu ya mfumo. Haki inakaa ndani yake. Kwenye kifaa chako cha nyumbani weka zote unazotaka, ni sehemu ya utamu. Kwenye kifaa chenye kazi ya watu, baki juu. Hata Palm wenyewe mlango ule waliufunga: Palm OS 5 ya mwaka 2002 ilihamia prosesa za ARM, na haki za zamani hazikufanya kazi tena kama mwanzo.

Kasoro za Launcher III zipo. Majina ya vichupo lazima yawe mafupi, na Kiswahili hakikuumbwa kwa vichupo; "Mawasiliano" lisahau. Ukiweka vichupo vingi vinaanza kubanana na unarudi kule kule kwenye kutafuta kwa jicho, kwa hiyo ukijikuta na saba jiulize kama una kazi saba kweli. Mipangilio yake ni mingi kupita kiasi, nusu sijawahi kujua ni ya nini. Na kuburuta ikoni kwa kijiti kunahitaji skrini iliyosawazishwa vizuri. Yangu ilipoanza kuchoka, nilikuwa nalenga Hoji inadondokea Jioni.

Ya mwezi uliopita ni fupi. Niliweka betri mpya, ikawaka na kuniomba niguse alama za pembeni ili isawazishe skrini, kama mtoto aliyezaliwa leo. Vyote vimefutika, kama nilivyotarajia. Kompyuta yangu ya sasa haina tundu la waya wake wa zamani, nikanunua adapta ya USB, nikatumia laptopu kuukuu yenye Linux na pilot-xfer, programu ya kupeleka faili kwenye Palm, kuisukumia faili ya Launcher III. Mara ya nne ndipo ilikubali, maana unatakiwa ubonyeze HotSync kwanza ndipo kompyuta ianze kusikiliza, au kinyume chake, nimeshasahau tena. Asiye na kifaa anaweza kujaribu kwenye kivinjari kwa CloudpilotEmu, ambayo ni Palm ya kuigiza, mradi awe na faili ya ROM, yaani nakala ya mfumo wa Palm wenyewe.

Nimerudisha vichupo vitatu vile vile. Mpwa wangu wa kidato cha pili aliishika, akajaribu kutelezesha ukurasa kwa kidole, haikuenda. Nikampa kijiti. Akagusa Hoji, akakuta dodoso halimo, zimebaki Memo Pad, kikokotoo na saa. "Anko, hii Hoji inahoji nini?" Nikamwambia afungue "Mimi", kuna mchezo.