Famasi ya njia ya Ligula: mama alivyofungashiwa dawa za kuhamia Marekani

Kwa anayetafuta famasi hapa Mtwara mjini ya kumwandalia mzazi dawa za kuhamia nje, kura yangu naipa ile ndogo ya mlango wa kijani, njia ya kwenda hospitali ya Ligula. Mama anahamia Ohio kwa kaka yangu. Si matembezi, anakwenda kukaa. Ana sukari, presha na pumu ya siku nyingi, na dawa zake ni metfomini, glibenklamaidi, amlodipini na pampu ya salbutamoli. Niliingia pale na orodha mkononi nikitaka za mwaka mzima, maana pesa ya korosho ilikuwa imeingia na kaka alishatutisha na bei za huko.

Mfamasia, dada mmoja mpole lakini hayumbi, alikataa. Alimwamkia mama, akamvutia kiti, kisha akanieleza kuwa Wamarekani kwa kawaida huruhusu mtu aingie na dawa za matumizi yake zisizozidi siku 90. Hiyo miezi mitatu, alisema, ndiyo ya kumtafutia mama daktari wa kulekule, kwa sababu famasi za Marekani hazimtolei mtu dawa kwa cheti cha daktari wa Mtwara. Duka jingine lingechukua pesa na kutuaga kwa tabasamu.

Utamu wa kazi yake uko kwenye ufungashaji. Wote tunajua dawa zinavyotolewa huku kwetu: vidonge vinahesabiwa toka kwenye kopo la elfu moja, vinatiwa kwenye kimfuko cha plastiki, kalamu inaandika 1x2, basi. Dada alikishika kimfuko cha glibenklamaidi cha mama, akakigeuzageuza kwenye mwanga, akauliza, "Bibi, ofisa wa uwanja wa ndege atajuaje kama hivi si vitu vingine?" Akatuagizia za kwenye maboksi, vidonge vikiwa ndani ya mabamba yake, zenye namba ya toleo na tarehe ya kuisha. Kila boksi akalibandika lebo iliyochapwa: jina la mama kama lilivyo kwenye pasipoti, jina la dawa, nguvu yake kwa miligramu, na maelezo kamili ya kumeza. Jina nalo lilikuwa na kazi yake. Kwenye kadi ya kliniki mama aliandikwa Mama Fulani, kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kama wanawake wengi wa Mikindani wa rika lake. Ikabidi kadi irekebishwe kwanza ndipo tukaombe barua ya daktari.

Barua ilitusumbua, ila hapo famasi haina lawama. Kituo tunachohudhuria kilitupa karatasi yenye mwandiko ambao hata nesi wao aliusoma kwa kubahatisha. Mfamasia akatuandikia mambo ya kumwomba daktari: ugonjwa, dawa kwa majina ya kitaalamu na si ya kampuni, dozi, vipimo vya karibuni vya sukari na presha, muhuri, na vyote vichapwe kwa Kiingereza. Pembeni akaongeza kwamba glibenklamaidi Marekani inaitwa glyburide, na salbutamoli ni albuterol. Hapo nilishusha pumzi, kwa sababu kaka alishaulizia glibenklamaidi famasi ya mtaani kwake akaambiwa hawaijui, na mama alishaanza kusema basi haendi tena.

Safari pia alimweleza. Dawa zote zikae kwenye mkoba wa mkononi, lisiende hata boksi moja kwenye begi kubwa, kwa sababu begi likipotea njiani mama atafika mikono mitupu. Pampu ikae mahali anapoifikia akiwa ameketi. Na glibenklamaidi asiimeze kwa kutazama saa, kwani Ohio iko nyuma yetu kwa saa saba au nane na chakula cha ndege huja kikijisikia. Aimeze sahani ikiwa mbele yake, maana akimeza bila kula, sukari itashuka. Mama huwa anawaitikia tu madaktari, lakini hili nilimsikia akimsimulia jirani neno kwa neno.

Mizigo ya watu aliigomea vilevile. Jamaa wa kule walikuwa wameagiza mseto wa malaria, amoksilini na tramadoli ya maumivu. Dada akasema dawa ya mtu mwingine isiingie kwenye mkoba wa bibi, na tramadoli ndiyo kabisa, kule ni dawa inayodhibitiwa kisheria. Shangazi yetu mmoja amenuna mpaka leo. Anune.

Kasoro zipo. Bei iko juu kuliko maduka ya Chuno, na yale maboksi yaliagizwa Dar, tukayasubiri mpaka nikaanza kuitazama tarehe ya tiketi kwa wasiwasi. Hakuna chumba cha faragha: metfomini inavyomwendesha mama tumbo, habari hizo zilifika mpaka kwa wauza ndizi wa nje. Risiti yao ya mashine inafifia upesi, ipige picha siku hiyohiyo. Na ukienda, nenda asubuhi umkute mfamasia mwenyewe, kwa sababu kijana wa jioni ni mwepesi wa kuuza na mzito wa kueleza.