Kidepo kwa njia ya Karamoja: je, ndiyo safari ndefu ya gari inayokufaa?

Anayepanga safari ndefu ya gari nchini Uganda mara nyingi huanza na wanyama: gorila, simba au twiga? Ni afadhali aanze na mwezi wa safari na gari alilonalo, kwa sababu hivyo viwili ndivyo vitakavyoamua kama atafika au atalala njiani. Hukumu yetu tunaiweka mbele. Mwenye siku tisa au kumi, gari la 4x4 la kweli, na safari inayoangukia kati ya Desemba na mapema Machi, achukue mzunguko wa Kampala, Mbale, kisha Moroto na Kotido katika eneo la Karamoja, kaskazini-mashariki, hadi Hifadhi ya Taifa ya Kidepo, kisha arudi kwa Kitgum na Gulu. Hakuna njia nyingine nchini inayoushinda. Mwenye siku sita, au aliyekodi gari dogo kama RAV4 mwezi wa Mei, aende kusini-magharibi, na hatajuta.

Kusini-magharibi tuiseme kwa ufupi, maana inajulikana. Kampala, Masaka, Mbarara hadi Kabale ni lami tupu, vituo vya mafuta havikosekani, na Lukaya unapata nyama choma na gonja (ndizi za kuchoma) bila kuzima injini. Kazi ya dereva huanza milimani, karibu na Bwindi, msitu wa gorila: miteremko mikali, ukungu wa asubuhi, na udongo unaoteleza mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba. Kosa linalowagharimu watu huko halihusu barabara, linahusu kibali. Tangu Julai 2024 kibali cha kuwaona gorila ni dola 800 kwa mgeni wa nje na shilingi 300,000 kwa raia wa Afrika Mashariki, nacho hutolewa kwa sekta moja tu: Buhoma, Ruhija, Rushaga au Nkuringo. Ukilala Buhoma huku kibali kimeandikwa Rushaga, asubuhi utakuwa na saa kadhaa za kona za milimani mbele yako, na kundi halikungoji. Soma jina la sekta kabla ya kulipia malazi. Ukitoka huko kwenda kuwaona simba wapandao miti Ishasha, uliza hali ya barabara ya Ishasha hadi Katunguru siku hiyohiyo, kwa kuwa malori mazito huichimba na mvua humalizia kazi. Ni safari nzuri, lakini sehemu kubwa ni lami, vijiji na matuta ya barabarani. Anayetafuta kuendesha hasa atamaliza akiwa bado na kiu.

Hifadhi ya Murchison nayo, tangu daraja la Paraa lichukue nafasi ya kivuko, imekuwa rahisi mno kuitwa safari ngumu. Iweke kama kituo cha kupumzika ukirudi kutoka kaskazini.

Sasa Kidepo. Hifadhi ina kilomita za mraba 1,442, iko pembeni kabisa mwa nchi kwenye mpaka wa Sudan Kusini, na ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1962. Ina mabonde mawili. Narus huhifadhi maji wakati wa kiangazi, kwa hiyo nyati, twiga, pundamilia na tembo hujikusanya huko, nao simba hupanda juu ya miamba kuwatazama. Bonde la Kidepo lenyewe ni kavu, lina mbuni na mivumo mirefu, na mto wake kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu. Kutoka Kampala ni karibu kilomita 570 ukipitia Kitgum, na karibu 700 ukipitia Mbale na Moroto. Wengi huchagua njia fupi kwenda na kurudi. Tunashauri ndefu wakati wa kwenda, ukiwa na nguvu na matairi mapya, na fupi wakati wa kurudi.

Siku ya kwanza ni nyepesi: Jinja, Iganga, Tirinyi, Mbale. Lala Sipi, juu ya maporomoko, penye hewa baridi. Msomaji wa Kenya anaweza kukutana na njia hii moja kwa moja kwa kuvukia Suam kutoka Kitale na kushukia Kapchorwa. Kutoka Muyembe lami inakupeleka Nakapiripirit kupitia pori la akiba la Pian Upe, mlima Kadam ukiwa kando yako, kisha mpaka Moroto. Miaka kumi na mitano nyuma kipande hiki kilikuwa mateso. Leo hatari yake ni mwendo kasi: ng'ombe na mbuzi hukata barabara bila onyo, na wachungaji wengi ni watoto. Kilomita 80 kwa saa zinatosha.

Moroto ndipo pa kusimama na kufanya hesabu. Kutoka hapo hadi Apoka, makao makuu ya hifadhi, kupitia Kotido na Kaabong, weka takriban kilomita 250. Ongeza 150 za mizunguko ndani ya hifadhi na 150 za kutokea hadi Kitgum. Jumla ni 550. Land Cruiser yenye injini ya dizeli ya 1HZ, ikiwa na hema juu na watu wanne, kwenye murram (barabara ya changarawe) na gia ndogo hula lita 14 hadi 16 kwa kilomita 100, yaani lita 77 hadi 88. Jaza tangi Moroto, beba dumu la lita 20 la akiba, na ukikuta mafuta Kotido ongeza hata kama geji haijashuka. Usijenge mpango wako juu ya mafuta ya Kaabong au Karenga; wakati mwingine yapo, wakati mwingine yapo kwenye mapipa. Dizeli ya pipa ikiwa na maji, taa ya chujio itawaka. Zima injini, legeza kizibo cha chini cha chujio, mwaga mpaka itoke dizeli safi, funga, kisha piga pampu ya mkono mpaka iwe ngumu. Beba chujio moja jipya. Ni dogo na linaokoa siku nzima.

Lami ikiisha, punguza upepo. Matairi yenye 38 hadi 40 psi (kipimo cha upepo wa tairi) yalete 26 hadi 28. Barabara hapa ina vituta vidogo vilivyopangana kama mabati ya paa, na tairi gumu hupeleka kila pigo kwenye shokapu na kwenye vyuma vya hema. Kinachoharibika kwanza ni boliti za keria, kisha kibanio cha betri, kisha bushi za shokapu. Kila jioni shika keria kwa mikono miwili na uitikise. Ikicheza, kaza kabla ya kula. Tairi nazo hukatwa ubavuni na mawe makali, na ubavu hauzibiki kwa kiraka. Ndiyo maana tunasisitiza tairi mbili za akiba. Moja ni kwa ajili ya pancha, ya pili kwa ajili ya siku ambayo pancha inakuja tena kabla hujamwona fundi.

Udongo mweusi wa Karamoja unastahili maneno yake, kwa sababu ndio unaofunga njia hii. Ukiwa mkavu unapasuka na kuwa mgumu kama zege. Mvua ya nusu saa ikiupata, huvimba na kunata: matairi hujaa mpaka mistari yake haionekani, matope hupanda na kujazana kati ya tairi na mdomo wa bodi, na gari husimama huku injini bado inavuma, kwa kuwa magurudumu yameshikwa. Kukanyaga mafuta hapo kunachimba kaburi la difu, gia iliyo chini kwenye ekseli. Ondoa matope kwa panga au koleo, weka 4L (gia ndogo ya magurudumu yote manne) kwenye gia ya pili, toka polepole ukifuata alama ulizoingilia. Kama mvua inaendelea, subiri. Jua likiwaka kwa muda wa saa tatu hadi nne hurejesha barabara vizuri kuliko mbinu yoyote. Ni hivyohivyo kwa makorongo yanayokatiza barabara: maji hushuka ghafla kutoka milimani hata kama ulipo hakujanyesha, na mara nyingi hupungua ndani ya saa chache. Maji yakipita magoti ya mtu na yana kasi, usiingie. Mvua za Karamoja huanza takriban Aprili na kuendelea hadi Septemba, na ndiyo sababu ya miezi tuliyotaja juu.

Apoka tunaipa alama za juu. Vibanda vya UWA, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda, ni vya kawaida, kiwanja cha hema ni cha wazi, na jioni nyati huweza kuja kulisha karibu na magari. Usiache chakula ndani ya hema, na usitoke usiku kwenda chooni bila kumulika pande zote kwanza. Leta vyakula vyako vyote kutoka Mbale au Moroto, na maji ya kunywa lita tano kwa mtu kwa siku. Kiingilio huhesabiwa kwa saa 24, kwa hiyo anayeingia saa nane mchana anapata jioni moja na asubuhi nzima kwa malipo ya siku moja. Lipa mapema kwa simu au benki wakati una mtandao. Ukienda chemchemi za moto za Kanangorok, chukua askari wa wanyamapori, na kabla ya kuvuka mto wa mchanga shusha upepo hadi 18 au 20 psi, weka 4L, ingia kwa mwendo mmoja na usibadilishe gia katikati.

Usalama unaulizwa sana, na una haki kuulizwa. Karamoja ina historia ya wizi wa mifugo na silaha, na hali hubadilika. Wapigie simu UWA wiki ya safari, uliza tena polisi au askari wa Moroto na Kotido, na usiendeshe baada ya saa kumi na moja jioni. Kiswahili kitakufaa hapa kuliko Mbarara: askari, wafanyabiashara na vijana wengi wa mijini wanakielewa. Msalimie mzee kwanza, eleza unakokwenda, ndipo uulize njia. Picha za watu na manyatta ziombwe.

Kwa anayekodi, haya yaulizwe uani kabla ya kulipa: mkataba unaruhusu Karamoja? Bima inalipia vioo na matairi? (Mara nyingi hailipii.) Tairi za akiba zina saizi moja na zilizofungwa? Toa jeki, inua gurudumu moja mpaka liache ardhi, fungua nati. Jeki fupi ya gari la mjini haiinui Land Cruiser kwenye tope, na ni bora ulijue hilo Kampala. Ingiza 4L na uendeshe mita kumi. RAV4 haina 4L. Kwa njia ya Kitgum wakati wa kiangazi inaweza, kwa njia ya Kotido hatuishauri.

Kurudi, kutoka Apoka pitia Karenga na Orom hadi Kitgum, murram tena, kisha lami hadi Gulu na Karuma. Kitgum tafuta kompresa na urudishe upepo wa lami kabla ya kilomita moja zaidi. Tairi yenye 26 psi chini ya gari lililojaa, kwenye jua la mchana na kasi ya 90, hupata moto ubavuni na kupasuka, nawe ukiwa umeshavuka sehemu ngumu yote. Kagua pia boliti za magurudumu kwa spana, osha chujio la hewa kwa upepo wa kompresa hiyohiyo kutoka ndani kwenda nje, halafu ndipo ushike barabara ya Gulu.