Betri za Baba tulipokwenda Chennai: zilizofaa na zilizotuangusha

Usiku wa tatu tangu tufike Chennai, mashine ya presha ya Baba ilianza kujaza upepo kwenye mkanda wa mkononi, ikafika katikati, ikanyamaza. Kwenye kioo ikabaki alama ya betri tupu. Betri zenyewe nilikuwa nimeziweka mpya asubuhi ileile, nne, kutoka duka la kona karibu na nyumba ya wageni tuliyopanga upande wa Greams Road. Daktari alishatuagiza tupime asubuhi na jioni, mara mbili kila safari, tuandike kwenye daftari, maana kwa vipimo hivyo ndivyo angepanga dozi kabla ya matibabu ya moyo. Saa nne usiku, Baba amekaa kitandani, mkono ameunyoosha. "Imekuwaje tena, mwanangu?" Sikuwa na la kumjibu.

Naandika haya kwa ajili ya wenzangu wanaosafiri na wazazi kwenda kutibiwa India. Tukiaga tunakumbushwa pasipoti, chanjo ya homa ya manjano, faili la hospitali. Betri hazitajwi na mtu. Baba yangu ana mashine ya presha, mashine ya sukari na vifaa viwili vya kusikia, na vyote hivyo vinakula betri za aina tatu tofauti.

Nianze na lile duka la kona. Niliomba betri, muuzaji akanielekeza barabara ya pili, kwenye maduka ya betri za magari. Kumbe kule neno hilo ni la gari, inveta au simu. Hizi zetu ndogo wanaziita "cell", na ile ya AA, ambayo sisi tunaiita betri ndogo ya saa ya ukutani, ni "pencil cell". Nilipoonyesha kwa vidole akaelewa, akanichomolea pakiti iliyokuwa ikining'inia nje, inapigwa na jua. Mimi nikaona chapa inayojulikana na bei nafuu, nikalipa.

Usiku ule nilizitoa nikaziweka chini ya taa pamoja na moja ya zile kuukuu nilizotoka nazo Tanga, ambayo kwa bahati sikuwa nimeitupa. Umbo ni lilelile. Lakini ile ya Tanga ilikuwa imeandikwa LR6, na hizi mpya zimeandikwa R6. Kumbe ile L ndiyo habari yote. R6 ni betri ya zinki na kaboni, inayotosha kwa saa na rimoti. LR6 ni alkalaini. HR6 ni ya kuchaji, FR6 ni ya lithiamu. Zote zinaingia kwenye tundu moja, na muuzaji hakukosea kuniambia ni saizi ileile. Ila mota ya mashine ya presha huvuta umeme mwingi kwa mkupuo, na R6 haihimili kuutoa kwa kasi hiyo, seuze iliyokaa juani. Kwenye pakiti mwezi wa kutengenezwa ulikuwa umechapishwa: miaka zaidi ya miwili nyuma. Sikuusoma wakati wa kununua. Inaniuma mpaka leo kwamba kipimo cha jioni ile nusura kikosekane kwa sababu ya herufi moja.

Kilichotuokoa ni betri nne za kuchaji, Eneloop za Panasonic, nilizokuwa nimeziweka kwenye tochi na kwenye kibeti. Nilizichaji nyumbani karibu mwezi mzima kabla, sikuzigusa tena. Nikazitia kwenye mashine, ikajaa upepo mpaka mwisho, tukapata kipimo mara mbili, Baba akalala. Hapo ndipo nilipoamini sifa yake ya kutunza chaji. Za kuchaji nilizokuwa nazo zamani, za chapa nyingine, ungeziweka kabatini wiki tatu ukazikuta zimekufa.

Hata hivyo sikuziacha humo. Kitabu cha mashine yetu kinataka alkalaini, na sababu inaeleweka: betri ya kuchaji ina volti 1.2, alkalaini ina 1.5. Nne kwa pamoja ni volti 4.8 badala ya 6, kwa hiyo mashine inadhani betri zinaelekea kuisha hata kama zimejaa, na alama ile humtia mzee wasiwasi. Kwa tochi, redio na kipanya cha kompyuta ndizo nitakazozinunua tena bila kusita. Kwa presha, ni akiba ya dharura.

Kesho yake nilipanda bajaji mpaka Ritchie Street, mtaa wa vifaa vya elektroniki, duka juu ya duka. Safari hii nilijua la kusema. Niliandika LR6 kwenye karatasi, nikamwita mwenye duka "anna", neno la Kitamil la kumwita mtu kaka mkubwa, nililofundishwa na dada wa mapokezi. Akacheka, akanipa pakiti ya alkalaini ya Duracell. Jambo moja nililolipenda India ni kwamba pakiti ina bei ya juu kabisa iliyochapishwa, herufi MRP, kodi zote ndani. Mgeni huna haja ya kubishana, soma tu. Betri nne hizo zilitufikisha siku 16 zilizobaki, vipimo vinne kwa siku, na zimerudi Tanga zingali na nguvu.

Alama hizi za LR ni za kimataifa, ndiyo maana nawasihi mziandike. Majina ya mtaani hubadilika kila nchi. Ujerumani AA ni Mignon na AAA ni Micro. Uchina AA ni namba 5 na AAA ni namba 7, waulizeni wafanyabiashara wetu wanaokwenda Guangzhou. Lakini LR6 ni LR6, na ile nyembamba ni LR03, popote utakapoteremka.

Betri za vifaa vya kusikia ni habari nyingine, na hapa kosa lilikuwa langu peke yangu. Baba anatumia saizi 312. Ni vidude vidogo kuliko punje ya hindi, kila kimoja kimebandikwa stika ya kahawia. Chini ya stika kuna vitundu, na betri inaanza kufanya kazi hewa inapoingia humo. Nilibeba kadi tatu za betri sita. Siku ya kwanza, kwa kutaka kumrahisishia Baba ambaye vidole vyake vinatetemeka, nikabandua stika zote za kadi moja nikazipanga kwenye kikopo. Zilianza kuisha hata kabla hazijaingia sikioni. Kubandika stika upya hakusaidii kitu, hewa ikishaingia imeingia. Kwa siku mbili Baba alikaa na sikio moja, daktari akizungumza naye mimi nikirudia kila sentensi karibu na shavu lake, na niliona alivyojisikia kama mtoto.

Baadaye mtaalamu wa masikio pale Chennai akanifundisha: bandua stika pale tu unapotaka kutumia, acha betri ipumue dakika chache, kisha iweke. Kwa Baba betri moja inafika siku sita hadi saba. Na kuna jambo lililonifurahisha sana: rangi za stika ni zilezile duniani kote. Kahawia ni 312, chungwa ni 13, buluu ni 675, njano ni 10. Hata ukikosa lugha kabisa, onyesha rangi. Za ziada nilizipata kwenye kliniki ya masikio, hazikuwa ghali, lakini maduka ya kawaida niliyopita hayakuwa nazo. Bebeni za kutosha safari nzima, na kadi moja juu yake.

Mashine ya sukari hutumia CR2032, betri bapa ya duara mfano wa sarafu. Muuzaji mmoja alinipa CR2025 akisema hakuna tofauti. Ipo: tarakimu mbili za mwanzo ni upana, milimita 20, mbili za mwisho ni unene, yaani milimita 3.2 dhidi ya 2.5. Ile nyembamba ilicheza ndani, mashine ikawaka na kuzima. Na tafadhali, betri hizi bapa ziwekeni mbali kabisa na watoto. Mtoto akimeza moja ikakwama kooni, inaweza kumuunguza vibaya ndani ya saa mbili.

Kuhusu pawabenki, nilinyang'anywa moja tulipobadilisha ndege, kwa sababu maandishi yake yalikuwa yamefutika na afisa hakuweza kusoma ukubwa. Kikomo kwa kawaida ni 100 Wh (wati-saa, kipimo cha umeme unaobebwa na betri) bila kuomba kibali, na hesabu yake ni nyepesi: chukua mAh zilizoandikwa juu yake, zidisha kwa 3.7, gawanya kwa 1,000. Ya 20,000 mAh inatoka 74 Wh. Sharti iwe mkononi, si kwenye sanduku linaloingia tumbo la ndege. Masharti yamezidi kukazwa, kwa mfano Emirates tangu tarehe 1 Oktoba 2025 inaruhusu moja tu kwa abiria, na ndani ya ndege huitumii.

Mwezi ujao tunarudi kumwona daktari. Kwenye kibeti cha Baba nimeshaweka LR6 nane ndani ya pakiti yake, Eneloop nne, CR2032 mbili, na kadi nne za kahawia zenye stika zake zote. Kikaratasi cha namba kimo kwenye pasipoti yake, na kingine ndani ya yangu.