Miezi mitano ya yoga ya tiba Kisumu: uzoefu wa fundi cherehani

Huu ni mwaka wangu wa 19 kushona nguo hapa Kibuye, kwa cherehani ya kukanyaga. Msimu wa sare za shule, Desemba hadi Januari, nakaa kwenye stuli saa 10 kwa siku. Januari iliyopita kiuno kilianza kuuma, na kabla ya wiki mbili kwisha maumivu yalikuwa yameteremka tako la kulia, nyuma ya paja, hadi kwenye kifundo cha mguu, kama uzi wa moto unaovutwa. Hospitalini niliambiwa neva kubwa inayotoka kiunoni kwenda mguuni inabanwa. Nilipewa dawa, nikapelekwa kwa fizio, mtaalamu wa tiba ya viungo, na siku zangu kwake zilipokwisha akanisihi nisirudi kukaa tu. Ndiye aliyenitajia yoga ya tiba, yaani mazoezi ya kunyoosha mwili na kupumua yanayopangwa kulingana na ugonjwa wa mtu.

Darasa la kwanza nililoingia silitaji jina. Lilikuwa la vijana wenye viungo laini, na hakuna aliyeniuliza naumwa nini. Tulipoambiwa tuguse vidole vya miguu, mwalimu alikuja nyuma yangu akanikandamiza mgongo ili nifike. Kwa siku tatu sikuweza kukanyaga cherehani. Baadaye fizio alinieleza kwamba kwa mgongo kama wangu, kuinama mbele kwa nguvu ndiyo kitu cha kwanza kuepukwa. Inaniuma hadi leo kwamba mtu anaweza kwenda kutafuta nafuu akaongezewa jeraha.

Nilikaa mwezi mzima kabla ya kujaribu tena, safari hii Milimani, kwa mwalimu anayefundisha wagonjwa. Siku ya kwanza hatukugusa mkeka kwa karibu nusu saa. Maswali tu. Una presha? Sukari? Umewahi kufanyiwa upasuaji? Una mimba? Macho yako je? Hilo la macho lilinishangaza. Akaeleza kwamba kichwa kikiinamishwa chini ya moyo, shinikizo ndani ya jicho hupanda, na kwa mwenye glakoma, yaani presha ya macho, hiyo ni hatari. Kisha akauliza kama nakosa hisia sehemu za siri au kama mkojo unanitoka bila kujua, kwa sababu dalili hizo ni za kukimbilia hospitali siku hiyo hiyo, si za yoga.

Tuko watu tisa, na ni nadra kuona wawili wakifanya kitu kimoja. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu mwenye magoti yaliyokwisha, hufanya zoezi lote akiwa kwenye kiti. Mama mwenye presha haruhusiwi kuning'iniza kichwa. Anaweka mikono ukutani na kusogea nyuma polepole.

Mimi kazi yangu kubwa ni mkanda. Nalala chali, goti la kushoto nimelikunja, mkanda nimeuzungusha kwenye wayo wa mguu wa kulia, kisha nauinua mguu. Siku ya kwanza haukufika hata kimo cha stuli kabla ya ule uzi kuwaka. "Kunja goti, mama, hatushindani na mtu," mwalimu akaniambia. Navuta pumzi nikihesabu 4, naitoa nikihesabu 6. Pumzi ikikwama, nimepitiliza, nirudi. Kanuni hiyo moja ndiyo iliyonisaidia kuliko mikao yote.

Mikanda, matofali ya mbao na blanketi kama vifaa vya yoga vilienezwa na B.K.S. Iyengar, mwalimu wa Pune, India, aliyefariki mwaka 2014. Yeye mwenyewe utotoni alikuwa mgonjwa wa malaria na kifua kikuu, na naona ndiyo maana alielewa mwili usiokubali. Wala si mambo ya kubahatisha: mwongozo wa American College of Physicians, chama cha madaktari cha Marekani, wa mwaka 2017 unaitaja yoga kati ya tiba za kuanza nazo kwa maumivu sugu ya kiuno, kabla ya vidonge.

Mkanda wangu nilijishonea kwa utepe wa mabegi ya shule, mita 2 na nusu, nikaweka bizimu kama ya mshipi. Mto mrefu niliujaza vipande vilivyobaki mezani. Mkeka wa ukili usiutumie, unateleza kwenye sakafu ya simenti.

Kanisani wameniuliza kama tunaabudu miungu ya watu. Katika darasa letu hatuimbi chochote. Hata ule mkao wa mwisho wa kulala kimya, ambao jina lake la Kisanskriti maana yake ni maiti, akina mama waliukataa kwa jina hilo, na mwalimu akauita mapumziko.

Kufikia wiki ya sita maumivu yalikuwa yamepanda kutoka kifundoni hadi pajani, kisha yakabaki takoni. Kiuno chenyewe kiliuma zaidi kidogo, nikaogopa, lakini fizio alifurahi: maumivu yakiuacha mguu na kurudi kuelekea mgongoni, ni dalili njema. Sijapona kabisa. Nikikaa zaidi ya saa moja yanarudi, kwa hiyo kila dakika 40 nasimama.

Nalipa shilingi 500 kwa kipindi, mbali na tuktuk. Lawama yangu ni ngazi: darasa la watu wa magoti na migongo liko ghorofa ya pili, hakuna lifti, na yule mzee hupumzika mara mbili kabla ya kufika mlangoni. Tumeshazungumza na mwalimu, anatafuta chumba cha chini. Pia mwanzoni alifundisha kwa Kiingereza kitupu, na wazee wetu walikuwa wakiangalia jirani anafanya nini. Tulimwambia, naye sasa anachanganya Kiswahili na Kijaluo.

Siku zisizo za darasa, saa saba mchana, natandika blanketi chini ya meza ya kukatia na kuweka miguu juu ya stuli ile ile iliyoniumiza, magoti yamekunjwa, dakika 10. Mwanafunzi wangu hushika saa. Mteja akija, humwambia, "Karibu ukae, fundi anapumzisha mgongo."