Kadi ya Maktaba ya Marekani kwa Mgeni Atokaye Mombasa: Inafaa kwa Nini, na Kinga Yake Inaishia Wapi

Huduma tunayoipima hapa ni kadi ya maktaba ya umma nchini Marekani, kama atakavyoikuta mtu aliyetua huko juzi kutoka Mombasa, awe ameenda kwa viza ya masomo, kwa bahati nasibu ya green card au kwa njia ya ukimbizi. Uamuzi wetu tunautanguliza: katika wiki ya kwanza hakuna huduma ya bure inayomfaa mgeni kuliko hii. Lakini kinacholindwa na maktaba ni kumbukumbu zako. Mwili wako hauna kinga humo. Watu wengi huku nyumbani huchanganya mambo haya mawili wanapowashauri jamaa zao kwenye WhatsApp.

Kuipata ni rahisi. Fomu huuliza jina, anwani na tarehe ya kuzaliwa, haiulizi viza. Utahitaji kitambulisho chenye picha, na pasipoti ya Kenya kwa kawaida inakubaliwa, pamoja na kitu kinachothibitisha unapoishi: mkataba wa nyumba, bili ya umeme, au barua iliyofika kwa posta ikiwa na jina lako. Hapo kwenye anwani ndipo wengi hukwama, kwa sababu aliyefikia kwa binamu yake hana bili wala mkataba. Njia yake ni kufungua akaunti ya benki na kuomba barua itumwe kwenye anwani hiyo, kisha kuipeleka maktaba ikiwa bado ndani ya bahasha yake yenye muhuri wa posta. Maktaba nyingi hutoa kadi ya muda kwa asiye na uthibitisho kamili; vitabu vya kuazima huwa vichache, ila kompyuta utazitumia. Jijini New York, kadi ya mji iitwayo IDNYC, iliyoanza kutolewa mwaka 2015 bila kujali hali ya uhamiaji, inatosha.

Kwa mtu wa Pwani hili si jambo dogo. Mji wa Kale, Majengo na Kisauni kumejaa watu waliowahi kukalishwa mbele ya kamati za kuwachuja ili tu wapate kitambulisho, utaratibu ambao Rais Ruto alitangaza mwaka 2025 kwamba umeondolewa. Dawati la serikali lisilokuuliza asili ya babu yako lina thamani ambayo aliyezoea kupewa haki zake bila maswali huenda asiione.

Ukishapata kadi, unapata intaneti, kompyuta, madarasa ya Kiingereza, vitabu vya mtandaoni kupitia programu ya Libby, na mara nyingi msaada wa kuandika wasifu wa kutafutia kazi. Kuchapa karatasi hulipiwa senti kidogo kwa ukurasa. Faini za kuchelewesha vitabu zimefutwa katika miji mingi, Chicago tangu 2019 na New York tangu 2021, lakini kitabu ukikipoteza utakilipa.

Sasa tuje kwenye kumbukumbu, maana hapa ndipo huduma hii inapoonyesha ubora wake. Majimbo 48 yana sheria zinazofanya rekodi za msomaji kuwa siri, na mawili yaliyobaki, Hawaii na Kentucky, yanategemea maoni ya kisheria ya wanasheria wakuu wao. Wakutubi wamelipigania jambo hili hadi mahakamani. Sheria ya Patriot ya mwaka 2001, ya kupambana na ugaidi, katika kifungu chake cha 215, iliwapa wapelelezi njia ya kudai rekodi huku aliyedaiwa akikatazwa kusema. Kifungu hicho kilikwisha muda mwaka 2020. Lakini tayari mwaka 2005 FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ilikuwa imetumia njia nyingine, barua ya usalama wa taifa isiyopitia kwa jaji, kudai taarifa za matumizi ya kompyuta za maktaba huko Connecticut. Wakutubi wanne walikataa, wakaenda mahakamani, na mwaka 2006 amri ya kuwanyamazisha ikaondolewa. Barua za aina hiyo bado zipo kisheria, kwa hiyo kinga iliyo imara zaidi ni kutokuwa na kitu cha kutoa. Mifumo mingi ya maktaba hufuta uhusiano kati ya jina lako na kitabu mara tu unapokirudisha.

Hata hivyo kuna matundu, na baadhi huyafungua msomaji mwenyewe. Akaunti nyingi zina kitufe cha kuhifadhi historia ya usomaji. Kizime. Vitabu ulivyoagiza huwekwa kwenye rafu ya wazi vikiwa na kikaratasi chenye jina au tarakimu zako, kwa hiyo kitabu cha sheria ya kuomba hifadhi ya ukimbizi ni afadhali kukisomea palepale bila kukiagiza. Tundu kubwa zaidi ni kampuni binafsi. Vitabu vya mtandaoni na hazina za data hutolewa na wafanyabiashara wanaobaki na nakala zao za taarifa, na sheria ya jimbo huenda isiwafikie kama inavyoifikia maktaba. LexisNexis, kampuni ya hazina za data inayofahamika kwenye maktaba za sheria, iliingia mkataba wa data na ICE, idara inayokamata na kufukuza wahamiaji, mwaka 2021. Unapoulizwa barua pepe na programu ya kampuni, toa ile usiyoitumia kwa mambo ya uhamiaji.

Kwenye kompyuta ya maktaba, kosa la kawaida ni kuchapa nakala ya pasipoti au fomu ya uhamiaji halafu kuondoka. Mashine nyingi hujifuta muda unapoisha, ila si zote. Fungua dirisha la faragha; ukishapakua faili na kulichapa, lifute kwenye folda ya vipakuliwa na kwenye pipa la taka, toka kwenye barua pepe, chomoa flashi, kisha bonyeza kitufe cha kumaliza muda. Pita pia kwenye printa uhakikishe hakuna ukurasa uliobaki kwenye trei.

Maofisa wa uhamiaji wakiingia je? Ukumbi wa kusomea ni mahali pa umma, na ofisa anaweza kuingia kama mtu yeyote. Januari 2025 serikali ya Trump iliondoa mwongozo uliozuia kwa sehemu kubwa ukamataji shuleni, hospitalini na kwenye nyumba za ibada, kwa hiyo usiichukulie maktaba kuwa maficho. Mkutubi anachoweza kukataa ni kufungua ofisi za ndani na kutoa rekodi, mpaka aone waranti ya mahakama: ina jina la mahakama juu na sahihi ya jaji chini. Fomu za I-200 na I-205, waranti za uhamiaji za kukamata na kufukuza, hutiwa sahihi na ofisa wa idara, hazitoki kwa jaji, na hazimlazimishi mkutubi kutoa rekodi. Wewe una haki ya kunyamaza na kuuliza kama uko huru kuondoka. Usikimbie, usidanganye, usitoe karatasi bandia. Mwenye green card aliyetimiza miaka 18 anatakiwa kisheria kutembea nayo.

Huduma hii inatishwa pia kupitia mfuko. Tarehe 14 Machi 2025 Trump alitoa amri ya kuipunguza hadi kiwango cha chini kabisa IMLS, taasisi ya serikali kuu inayogawa fedha za maktaba na makumbusho, na mwisho wa mwezi huo wafanyakazi wake wakapewa likizo ya lazima. Maktaba nyingi huko huendeshwa kwa kodi za mitaa, ndiyo maana milango haikufungwa siku ile. Fedha za IMLS, zaidi ya dola milioni 160 kwa mwaka kwa majimbo pekee, hulipia vitu visivyoonekana mlangoni: kuazimana vitabu kati ya miji, hazina za data, vitabu vya mtandaoni. Mississippi ilisimamisha Hoopla, huduma ya kuazima vitabu na filamu mtandaoni, na Maktaba ya Jimbo la Maine ikafunga kwa muda na kupunguza wafanyakazi. Majimbo 21 yaliishtaki serikali ya Trump katika mahakama iliyoko Rhode Island. Mei 2025 jaji alizuia amri hiyo, na Novemba akaamua kwamba ilikiuka sheria. Mgeni aliye mji mdogo ndiye anayeumia mapema, kwa hiyo kabla ya kutegemea darasa au programu fulani, piga simu uulize kama bado ipo.

Kuhakiki kabla ya kutegemea kunahusu pia vitabu vya mtihani wa uraia. Aliyewasilisha ombi kabla ya tarehe 20 Oktoba 2025 hufanya mtihani wa zamani: maswali 100 ya kujifunza, huulizwa 10, ajibu 6. Aliyewasilisha siku hiyo au baadaye ana maswali 128 ya kujifunza, huulizwa 20, ajibu 12. Rafuni bado kuna vijitabu vya zamani, na jalada halitakuonya. Fungua ukurasa wa mwanzo, hesabu maswali, ndipo ukiazime.