Cessna 172 kwa safari ndefu ya rubani mwanafunzi akiwa peke yake: uzoefu wangu

Hapa naipima Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, kwa kazi moja tu: ile safari ndefu ambayo mwanafunzi anairuka peke yake, kiti cha mkufunzi kikiwa kitupu. Kwa viwango vya ICAO (shirika la kimataifa la usafiri wa anga) ni angalau maili 150 za baharini, yaani kilomita 270 hivi, na lazima utue na kusimama kabisa kwenye viwanja viwili tofauti. Marekani nao wanataka maili 150, lakini kutua kuwe sehemu tatu, na kipande kimoja cha njia kizidi maili 50 kwa mstari ulionyooka. Kwa kazi hiyo naipa nyota nne kati ya tano. Nyota iliyobaki imekatwa na mafuta.

Nimerusha modeli za 172N na 172P, zenye kabureta na injini ya nguvu za farasi 160, na pia 172S yenye farasi 180 na mfumo wa kupuliza mafuta kwenye njia ya hewa ya kila silinda, bila kabureta. Nikisema "172" tu, maana yake jambo hilo ni la zote.

Sifa yake kubwa ni kwamba ukishaiweka inakaa. Fika kwenye kimo chako, acha mwendo utulie, weka nguvu mizunguko 2,400 kwa dakika, kisha zungusha gurudumu la trimu (la kusawazisha pua ya ndege) mpaka usukani usikusukume wala kukuvuta. Baada ya hapo unaishika kwa vidole viwili na mkono mmoja unabaki huru kwa ramani na kalamu. Ndege ambayo ukiinamisha kichwa sekunde tano tayari imeshuka futi 300 inamla mwanafunzi akili yote, na safari hii ni kazi ya akili kuliko mikono. Kosa la kawaida ni kutrimu mapema, mwendo ukiwa bado unapanda. Utatrimu tena na tena kwa dakika kumi. Ngoja kwanza.

Bawa kuwa juu ni faida na hasara pamoja. Unaiona ardhi yote chini yako, kwa hiyo kulinganisha reli, mto na njia panda na ramani ni rahisi. Lakini ukilaza ndege kugeuka kushoto, bawa la kushoto linafunika kile unachokwenda kukutana nacho. Dawa yake ni kuinua kwanza kidogo bawa la upande unaogeukia, kutazama, ndipo ugeuke.

Tuje kwenye mafuta. 172N na 172P zenye matangi ya kawaida zina galoni 40 za Marekani zinazotumika, kama lita 151. 172S ina galoni 53, lita 200. Kitabu cha zile za kabureta kinaonyesha matumizi ya galoni saba na kitu kwa saa kwa ile mizunguko 2,400, na mwanafunzi huichukua namba hiyo akapanga nayo. Tatizo ni kwamba imepatikana mpini mwekundu wa mchanganyiko wa mafuta na hewa ukiwa umevutwa nje kadiri inavyotakiwa. Ukiuacha umezama ndani kabisa kwa sababu "mkufunzi alisema usiuguse ukiwa kimo cha chini", unachoma galoni moja zaidi au hata kuzidi, na plagi zinashika masizi. Kwenye zile za kabureta, ukishatulia safarini, vuta polepole mpaka mizunguko ipande kidogo halafu ianze kushuka na injini ikwaruze. Hapo rudisha ndani mpaka ilainike. Unapobadili kimo, rudia. Mimi kwenye hizo hupanga galoni 8.5 kwa saa hata hivyo, na nusu saa ya akiba inayodaiwa kisheria kwa safari za mchana za kuongozwa kwa kutazama nje naifanya saa nzima.

Geji za mafuta za ndege hii usiziamini. Mshale unacheza na kila mtikisiko, na ndege mbili za modeli moja zinaweza kukuonyesha namba tofauti kwa mafuta yaleyale. Panda ngazi, fungua kifuniko cha tangi, chovya kijiti cha kupimia kilichotengenezwa kwa ndege hiyohiyo, soma, andika. Kijiti cha 172N ukikitia kwenye 172S kitakudanganya, kwani matangi hayafanani. Ukiwa hapo juu hakikisha kifuniko kimekaa sawasawa: kikiwa legelege, hewa inayopita juu ya bawa inanyonya mafuta nje na wewe huoni. Sampuli za mafuta za kuangalia maji na uchafu nazo zina kero yake. 172S ina tundu 13 za kutolea, tano kila bawa na tatu chini ya tumbo. Hakuna njia ya mkato. Mafuta ya 100LL (petroli ya ndege) yawe ya buluu na yasiwe na tone la maji chini ya kikombe.

Utaona pia tangi la kushoto na la kulia haviishi sawa, hata swichi ya kuchagua tangi ikiwa kwenye "Both" (yote mawili). Tundu la kuingizia hewa kwenye matangi liko chini ya bawa la kushoto, nyuma ya nguzo yake, na msukumo wa hewa hauyafikii matangi yote kwa usawa. Tofauti ndogo si ubovu.

Kwa hesabu ya njia, chukua mfano huu. Njia ya kweli (nyuzi toka kaskazini ya ramani) 090, mwendo wa hewani noti 105 (maili 105 za baharini kwa saa), upepo kutoka 030 wenye noti 20. Ndege inatakiwa kuelekezwa nyuzi tisa hadi kumi kushoto, hivyo 080 au 081, na mwendo wa ardhini unabaki noti 93 au 94. Kipande cha maili 52 kitachukua dakika 33 na kula galoni 4.7. Kama tofauti ya sumaku (kati ya kaskazini ya ramani na ya dira) ni nyuzi 3 magharibi, ongeza tatu: 083 au 084. Wanaokosea hapa karibu wote wanakosea kitu kimoja, kutoa badala ya kuongeza, na kosa hilo linakuwa nyuzi sita.

Nyuzi sita ni nyingi kiasi gani? Baada ya maili 20 uko maili mbili nje ya mstari. Hapo tumia kanuni ya moja kwa sitini (kosa la nyuzi moja hukutoa maili moja nje kila maili sitini): mbili gawa kwa ishirini zidisha sitini, umekosea nyuzi 6. Zimebaki maili 32. Mbili gawa kwa 32 zidisha sitini, karibu 4. Jumla geuka nyuzi 10 kuelekea mstari na utafika uwanjani bila kuzungukazunguka. Andika saa uliyogeuka.

Kwenye ndege zenye saa za mishale badala ya skrini, jairo ya mwelekeo (kifaa kinachozunguka na kuonyesha ulikoelekea) inahama taratibu kwa msuguano na kwa mzunguko wa dunia. Ilinganishe na dira ya sumaku kila dakika 15, ndege ikiwa imenyooka na haiongezi wala kupunguza mwendo, kwa sababu dira nayo inadanganya ndege ikigeuka au ikibadili kasi. Zile 172S zenye skrini zimeondoa kazi hii, na kwa maoni yangu ndiyo sababu hazifai sana kwa safari ya kwanza: mwanafunzi anaitazama skrini mpaka anaisahau dirisha.

Barafu ya kabureta ni adui wa 172N na 172P, 172S haina shida hiyo. Si lazima kuwe na baridi. Nyuzi 15 au 20 za joto zenye unyevu mwingi zinatosha. Dalili ya kwanza ni mizunguko kushuka yenyewe, 2,400 ikawa 2,330, nawe hujagusa kitu. Vuta mpini wa joto la kabureta (unaoleta hewa ya moto) wote, si nusu. Mizunguko itashuka zaidi, injini itagwaya, kisha itapanda. Ule mgwayo unawafanya wengi waurudishe mpini haraka, na barafu inabaki palepale.

Ukiwa peke yako ndege ni nyepesi, na hilo lina madhara mawili. La kwanza, mwendo salama wa kupita kwenye hewa yenye misukosuko unashuka. 172S ni noti 105 kwa uzito wa pauni 2,550 lakini 98 kwa pauni 2,200, ambao ndio karibu na uzito wa mtu mmoja na matangi yaliyojaa. La pili, inaelea juu ya njia ya kutua. Flapu (vibao vya nyuma ya bawa) zikiwa chini njoo na noti 60 hadi 65, si 75 "za usalama". Noti kumi za ziada zinakula njia, na mwanafunzi akichoka kungoja anaisukuma pua chini. Gurudumu la mbele linagonga kwanza, ndege inaruka, inagonga tena kwa nguvu zaidi. Mafundi wanaijua vizuri bati iliyojikunja kwenye ukuta wa injini. Ikiruka mara ya kwanza, weka nguvu yote, paa tena na uzunguke upya. Kwenye 172N flapu zinashuka mpaka nyuzi 40, na zikiwa hapo ndege haitaki kupanda; zirudishe 20 mara moja.

Usipuuze kiti. Reli na pini za viti vya Cessna zinachakaa, na FAA (mamlaka ya anga ya Marekani) ilitoa agizo la kuzikagua mwaka 1987. Pini isiposhika, kiti kinateleza nyuma wakati wa kupaa nawe unauvuta usukani pamoja na mwili. Jitikise kwa nguvu mbele na nyuma kabla ya kuwasha.

Ukilinganisha na Piper PA-28, ndege nyingine ya mafunzo, ile haina "Both": unabadili tangi kwa mkono kila nusu saa hivi, na ni kazi moja zaidi ya kusahau. Cessna 152 inakula kidogo, lakini ina galoni 24.5 tu zinazotumika kwa matangi ya kawaida, na upepo wa mbele unaipunguza kasi hadi jedwali lako lote libadilike.

Onyo moja la kituo cha kati. Ukiegesha penye mteremko, mafuta yanahama toka tangi la juu kwenda la chini, hivyo kitabu kinakuambia uweke swichi Left au Right. Fanya hivyo, lakini andika kwenye karatasi ya kuondokea. Injini itawaka na kunguruma vizuri kabisa kwa tangi moja, utapaa bila dalili yoyote, huku muda wako wa kubaki hewani ukiwa nusu ya ule ulioandika.